Mihogo kwenye Mdomo wa Bwawa

Mimi nakaa bondeni. Watu wa Ngara mjini wako juu yetu, kilimani, na kila wanachomwaga kinatujia sisi. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mwanamke mzee kama mimi anajishughulisha na mambo ya vyoo vya watu, namwambia aje akae kwangu wiki moja, halafu aniulize tena.

Nyumba yangu iko chini ya barabara ya vumbi inayoteremka kutoka mjini, jirani na kijito. Kijito chenyewe si kikubwa, wakati wa kiangazi hata mtoto anakiruka. Lakini kinakwenda kuingia Ruvubu, na Ruvubu inakwenda kukutana na Kagera, kwa hiyo uchafu wa choo kimoja cha hapa kwetu unaweza kusafiri mbali kuliko mimi nilivyowahi kusafiri. Wajukuu wangu wanachota maji hapo. Ng'ombe wananywa hapo. Na kando ya hicho kijito ndipo wanawake tunapovundika mihogo.

Mihogo yetu mingi ni michungu, huwezi kuichimba ukaitafuna hivi hivi. Unaimenya, unachimba shimo kando ya maji, unailoweka humo mpaka ilainike na kutoa harufu yake, unaitoa, unachomoa nyuzi za katikati, unaianika juani. Ikikauka ndiyo udaga. Ukitwanga udaga unapata unga, na ugali wa unga huo ndio ugali. Ugali wa mahindi tunawaachia wanafunzi wa bweni. Binti wa kwetu akiolewa, wageni wanategemea ugali wa muhogo, mweupe, unaovutika, na wakiukosa watasimulia mpaka wajukuu zao.

Naeleza mambo ya mihogo kwanza kwa sababu ndiyo yaliyotaka kutuharibia mto.

Kabla ya mabwawa ya majitaka kujengwa, gari la kunyonya vyoo lilikuwa linakuja kumwaga kwenye korongo lililo juu ya kijito. Mji ulikuwa umekua. Nyumba za wageni, soko, shule, baa, kila mahali pana choo, na choo kikijaa lazima kinyonywe. Gari linanyonya huko juu, linashuka kwetu na harufu yake, linafungua mpira kwenye korongo, linaondoka. Mvua ikinyesha, korongo lote linaingia kijitoni. Mjukuu wangu mmoja, mtoto wa mwanangu mkubwa, aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mama yake amemshika mbele, mimi nimekaa nyuma namshikilia mama yake. Mtoto alipona. Wa jirani hakupona.

Baada ya mazishi yale nilichukua kigoda changu nikakiweka katikati ya barabara, nikakaa. Gari likaja, likasimama. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Tunaomba njia, bibi."

"Hapana njia."

"Bibi, nina mzigo huku nyuma."

"Najua. Nimeusikia tangu uko juu kule."

Utingo wake akacheka. Dereva hakucheka. Akazima gari, akashuka, akachuchumaa mbele yangu kwa adabu. Akasema, "Sawa bibi, nisimwage hapa. Sasa niambie nikamwage wapi."

Hapo alinishika. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, sikujiandaa kujibu swali. Kweli, akamwage wapi? Mavi ya mji mzima hayawezi kurudishwa yalikotoka. Siku ile aligeuza gari akaondoka, na nilijua amekwenda kumwaga kwenye bonde la watu wengine. Sikulala vizuri. Tangu hapo, kila ukiitishwa mkutano wa kijiji, mimi nilinyoosha mkono na kuuliza swali la yule dereva: akamwage wapi? Waliniita Mama Vyoo. Niliendelea kunyoosha mkono. Hata kwenye jumuiya, baada ya rozari, niliuliza, mpaka katekista akaniomba nimwachie Mungu dakika tano.

Basi siku ikafika wakaja kupima eneo juu ya bonde, wakasema watajenga mabwawa ya kusafishia majitaka. Hapo watu waliokuwa wananicheka wakaanza kupiga kelele. Mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Mlikuwa mnatuletea mavi kwa gari. Sasa mnataka kutujengea ziwa lake?" Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mimi sikucheka. Niliuliza, "Yakijaa, yanatokea wapi, na yakitoka yana hali gani?" Mhandisi wao, binti aliyevaa buti zenye tope, akasema nikitaka kujua nisubiri wajenge, atanizungusha mwenyewe. Na kweli alinizungusha. Nitaeleza kama nilivyoona.

Kwanza gari linamwaga kwenye chemba ya zege yenye nondo kama chanja. Pale panabaki vitu visivyotakiwa kuwa chooni. Vitambaa, chupa, viatu. Nimewahi kuona sufuria, na sijui mpaka leo aliyeitupa alikuwa anamkimbia nani. Kutoka hapo maji yanaingia bwawa la kwanza, lenye kina, na humo vizito vinazama chini na kuoza polepole. Juu panabaki maji, yanapita kwenda bwawa la pili. Hilo ni pana na halina kina, maji yake ni ya kijani, na kazi yake kubwa ni kukaa juani. Binti yule alisema jua linaua vijidudu vya magonjwa, ila linahitaji muda, ndiyo maana maji hayaruhusiwi kukimbia. Bwawa la tatu limejazwa kokoto na kupandwa matete. Maji yanapita kwenye mizizi ya matete taratibu sana, na mizizi inakamata yaliyobaki. Mwisho kuna bomba, na nje ya bomba kuna mfereji wa mawe, na mfereji ndio unaopeleka maji kijitoni. Tope lililozama linatolewa baada ya muda mrefu, linaanikwa kwenye vitanda vya mchanga kama sisi tunavyoanika udaga. Watu wa migomba walianza kulimezea mate tope hilo kabla hata halijakauka.

Kilichoyatenga mabwawa na bonde letu ni matuta ya udongo yaliyoshindiliwa. Niliyapiga teke nikaona ni magumu. Nikamuuliza binti, "Tuta likikatika?" Akasema, "Likikatika, bibi, yote yanakuja kwako kwa wakati mmoja." Nilimpenda kwa sababu hakunidanganya.

Mvua za kwanza sikuona tofauti. Baadaye korongo likaota majani. Harufu ikaisha, ikabaki ya upepo kidogo ukivuma vibaya. Halafu vyura wakarudi kijitoni, na wajukuu wakaanza tena kufunua mawe wakitafuta kaa wadogo. Mwanangu aliniambia, "Mama, sasa utanyamaza?" Nikamwambia nitanyamaza nikifa.

Sasa nije kwenye harusi.

Binti yangu wa mwisho alipata mchumba kutoka Nyabusozi, upande wa Biharamulo. Kijana mkulima, wazazi wake watu wa kanisa, hawana maneno mengi. Mahari ikaisha, padri akatangaza ndoa, na kwa desturi yetu mambo yote ya binti yakaingia mikononi mwa shangazi yake. Shangazi ndiye anayemkalisha binti ndani na kumfundisha, ndiye anayesimamia chakula cha kumuagia. Mama mzazi anakaa pembeni na kuambiwa. Shangazi huyo ni dada wa marehemu mume wangu, wifi yangu, mkubwa kwangu kidogo. Alikuja kutoka Keza kwa pikipiki, amepakata jungu kubwa kama amepakata mtoto, na kabla hajanywa maji akasema, "Wifi, jungu lako nalijua, halipiki ugali wa watu."

Tulikuwa mwisho wa kiangazi. Kijito kilikuwa kimepungua, mashimo yetu ya kuvundikia yamekauka, na maji yaliyobaki yalikuwa ya baridi. Kwenye maji ya baridi muhogo unachelewa kulainika. Harusi haikuwa mbali, na mvua zikianza hutaanika udaga ukauke. Wifi alikuwa na haraka ya kweli, hilo silikatai. Alichukua wanawake, pamoja na mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, wakachimba mihogo shambani kwangu na mingine wakainunua Nyakisasa. Nikaambiwa nikae nichambue maharage. Nikachambua.

Udaga wa kwanza ulirudi upesi mno. Nilishika kipande nikakivunja. Ni laini kweli. Nikamuuliza mkwe wangu, "Mmevundika wapi?"

Akatazama chini. "Huko huko, Mama."

"Huko huko wapi?"

"Shangazi amesema tusikuchoshe na mambo ya shamba."

Nilijua hapo kuna jambo, lakini nikajizuia. Siku za harusi mama wa binti akianza ugomvi na shangazi, watu hawaulizi nani ana haki.

Kesho yake akaja msimamizi wa mabwawa. Ni kijana mwenye watoto watatu, ukoo wake ulitoka Burundi zamani, na amezaliwa hapa hapa. Alisimama nje ya uzio wangu, kofia mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ingia."

"Nitasimama tu. Bibi, nimekuja kukuomba uongee na Shangazi."

"Amefanya nini?"

"Ameziba mdomo wa bwawa."

Nikaweka ungo chini. Akaeleza. Maji yanayotoka kwenye bomba la mwisho ni ya vuguvugu, kwa sababu yametoka kukaa juani. Wifi aligundua hilo siku ya kwanza alipopita kutafuta maji. Muhogo kwenye maji ya vuguvugu unalainika haraka. Lakini kwenye mfereji wa mawe maji ni membamba, hayafuniki muhogo. Kwa hiyo walikata vigogo vya migomba, wakavilaza kwenye mfereji, wakajaza magunia na udongo, maji yakapanda, wakapata bwawa lao zuri la kuvundikia. Sehemu nyingine walichimba mashimo kwenye mguu wa tuta lenyewe, palipo laini.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ukafanya nini?"

"Niliwaambia, bibi. Shangazi akaniuliza mama yangu alinilea na nini, kama si muhogo. Akasema, toka hapa, hatumvundiki mama yako. Nikatoka."

"Umeajiriwa kulinda mabwawa au kulinda masikio yako?"

Akageuzageuza kofia. Nikamwonea huruma kidogo, si sana. Kwetu kijana hawezi kumnyang'anya mama mzee jembe mbele za watu. Wifi alijua hivyo, na alikuwa anautumia uzee wake kama mtu anavyotumia fimbo.

"Sasa maji yako wapi?" nikauliza.

"Yamerudi nyuma. Matete yamezama nusu. Na tuta limeanza kutoa jasho, bibi. Nimepiga simu ofisini, gari lao limeharibika, wamesema watakuja. Na mawingu unayaona."

Niliyaona. Yalikuwa yamesimama upande wa Burundi, meusi. Niliyaona tangu asubuhi na nilikuwa nimeyafurahia.

Nilichukua jembe. Nikapanda naye, magoti yananiuma, lakini nikapanda. Nilipofika nikaona kwa macho yangu. Wifi amekaa juu ya gunia lililopinduliwa, amefunga kitenge kichwani, anaelekeza. Wanawake wako ndani ya maji mpaka magotini, wanapanga mihogo, wanaimba. Maji yametulia, ya kijani, mihogo myeupe imelala chini kama samaki. Nilipopita kwenye mguu wa tuta, kiatu changu kilizama. Pale nilipopiga teke wakati ule nikaumia kidole, sasa kiatu kilizama.

"Wifi," nikasema, "fungueni hayo maji."

"Umeacha maharage na nani?"

"Fungueni."

"Karibu ukae, wifi. Mihogo hii ya leo ndiyo ya mwisho. Kesho kutwa tunatoa, tunafungua, kila mtu anaenda kwake. Maji haya yamesafishwa, si ndivyo ulivyotuimbia miaka yote? Mama Vyoo mwenyewe alisema yanatoka safi."

Wanawake wakacheka. Hata mimi ningecheka kama ingekuwa siku nyingine, maana alinipiga na fimbo yangu.

"Nilisema safi ya kurudi mtoni," nikamjibu. "Sikusema safi ya kupika. Yakiingia mtoni yanachanganyika na maji mengine, yanapita kwenye mchanga, jua linaendelea kuyapiga. Nyie mmeyazuia hapa yakae na chakula siku nzima nzima. Mngekunywa?"

Nikachota kwa kiganja nikamsogezea. "Kunywa basi, Shangazi."

Hakunywa. Msimamizi akapata nguvu akasema kwa sauti ndogo, "Tena Shangazi, shida kubwa si mihogo. Ni tuta."

"Wewe nyamaza," wifi akasema.

"Asinyamaze," nikasema mimi. "Leo hapa hakuna shangazi wala mama wa harusi. Mvua ile ikifika hapa hili tuta likiwa limelowa hivi, linakatika. Likikatika, mavi ya mji mzima yanashuka kijitoni kwa mara moja. Harusi yetu itakuwa na ugali mzuri na msiba juu yake. Mimi nilishamzika mtoto wa jirani. Siziki mwingine kwa ajili ya jungu lako."

Wifi akasimama. "Unanivunjia heshima mbele za watu. Kwenye kazi ya kaka yangu. Kwenye mtoto wa kaka yangu."

"Nakuvunjia. Baadaye utanitoza mbuzi. Sasa hivi shika jembe."

Hakushika. Aliondoka, akateremka njia bila kugeuka, na jungu lake lilikuwa kwangu. Wanawake wakabaki wananitazama mimi, halafu wanamtazama yeye anavyoteremka. Kwa dakika hiyo niliona naweza kubaki peke yangu na yule kijana na tuta la watu wote. Nikaingia majini na nguo zangu, nikashika kigogo cha kwanza cha mgomba nikakivuta. Hakikutoka. Nikavuta tena. Mkwe wangu ndiye aliyekuja wa kwanza kukishika upande wa pili. Hakuniangalia usoni, alisema tu, "Mama, wewe shika huku, huku kunateleza."

Kigogo kilipotoka, msimamizi akapiga kelele tuache. Akasema tusifungue yote kwa pamoja, maji yakitoka kwa kishindo yatakula mfereji na kuivuta kokoto ya matete. Kwa hiyo tulifungua kidogo kidogo, gunia hili, tunasubiri, gunia lile, tunasubiri. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuvuta, kusubiri huku ngurumo inasogea. Wakati wa kusubiri tulitoa mihogo. Wanawake walitaka kuibeba nyumbani. Nikasema hapana, yote inakwenda kwenye shimo la msimamizi analofukia takataka za chemba. Mmoja akalia, kweli akalia machozi, kwa sababu alikuwa amemenya mihogo ile siku mbili na kidole chake kimefungwa kitambaa. Nilimsaidia kubeba.

Halafu tuta. Tulijaza udongo mkavu kwenye magunia yale yale waliyoziba nayo, tukayapanga kwenye mashimo waliyochimba, tukayakanyaga. Mtoto wa mtu akatumwa kuita wanaume waliokuwa wanachoma matofali upande wa pili, wakaja na makoleo, na wakaja pia na maneno.

"Mnapika ugali wa aina gani huku, akina mama?"

"Wa kukufunga mdomo," mkwe wangu akajibu. "Leta udongo."

Mvua ilitukuta tunakanyaga. Haikuanza kwa manyunyu, ilianguka tu. Tulisimama juu ya magunia, wanawake kwa wanaume, tunakanyaga mahali pamoja kama watu wanaocheza ngoma bila ngoma. Maji ya bwawa la matete yalipanda kidogo, yakatafuta njia, yakakuta bomba liko wazi, yakatoka. Niliona yakitoka. Mguu wa tuta ulivuja pale pembeni, msimamizi akatupa gunia jingine, akalala juu yake kwa kifua. Nikamwambia inuka utapata kichomi. Akasema, "Bibi, leo niache." Nikamwacha.

Tuta lilishika. Mvua ilipopungua tulikuwa na udongo mpaka kwenye meno.

Niliporudi nyumbani nilikuta wifi amekaa chumbani na binti, mlango umefungwa. Nikaenda kwenye kibanda nilikoweka ule udaga wa kwanza, uliolainika upesi, nikautoa wote nikaupeleka kwenye shimo. Binti yangu alitoka akanikuta naburuta gunia. Alikuwa amefunikwa khanga kichwani kama desturi inavyotaka, hakutakiwa kutoka nje kabisa.

"Mama, wageni watakula nini?"

"Ndizi na maharage."

"Watu wa Nyabusozi watatusema."

"Watatusema. Wewe utakuwa umeolewa, hawatakurudisha kwa sababu ya ugali."

Akanitazama. Ni mtoto wangu wa mwisho, nimemdekeza kuliko wengine, na siku ile sikumdekeza. Akasema, "Nilitaka tu siku yangu iwe kamili." Nikamwambia, "Watoto wa kaka yako wanakunywa kwenye kijito kile. Siku yako ni moja. Wao wanakunywa kila siku." Akashika upande mmoja wa gunia, tukaburuta wote, khanga yake ikaburuzika kwenye matope.

Siku ya kumuaga, wageni wa Biharamulo walifika wamejaa kwenye gari la kukodi, wanaimba. Tukawapokea, tukawaketisha kwenye turubai, tukawapa pombe ya ndizi na wengine soda. Chakula kikaja. Ndizi, maharage, nyama, kabichi. Wakatazama sahani. Mama mmoja wa upande wao, mnene, mchangamfu, mshenga wa kike, akasema kwa sauti ili watu wote wasikie, "Jamani, sisi tulifunga tumbo tangu Nyabusozi tukijua tunakuja kula udaga wa Ngara. Kumbe muhogo umewaishia? Tungewabebea!"

Upande wao wakapiga vigelegele. Nilianza kuinuka. Nilikuwa tayari kueleza kila kitu, mabwawa, tuta, mavi, mbele ya chakula, maana mimi sijui kueleza nusu. Mwanangu akanishika mkono.

Lakini wifi alikuwa amesimama kabla yangu. Tangu siku ile ya tuta hakuwa amenisemesha, alimaliza kazi yake yote ya shangazi kwa kuwaambia watu wengine, "Mwambieni mama yake binti hivi, mwambieni vile," hali nimekaa mbele yake. Akajifunga kitenge vizuri, akamtazama yule mama wa Nyabusozi.

"Muhogo upo," akasema. "Umejaa. Ila ulikutana na maji mabaya, na kwetu hatumlishi mkwe kitu chenye shaka. Tungewapa, msingejua, mngesifu. Tukaona aibu ya sahani ni afadhali. Sasa kama huko kwenu mnawapa wageni chochote ilimradi ni cheupe, mtuambie mapema, tumfiche binti yetu."

Yule mama mnene akacheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Shangazi wa Keza, umenimaliza. Nipe maharage." Akala, akaongeza. Vigelegele vikatoka pande zote. Wifi akakaa. Hakunitazama. Mimi nilimtazama, nikaona amekula ndizi bila kuzipenda.

Binti yangu sasa ana mtoto huko Nyabusozi. Mabwawa yapo. Ofisi ilileta mawe wakaimarisha mguu wa tuta, wakaweka uzio wa senyenge kwenye mdomo wa bomba, na msimamizi amejifunza kupaza sauti, ingawa akiniona bado anavua kofia. Mimi napanda kila wiki, nikipumzika njiani, naangalia matete, naangalia maji yanayotoka, nikimwona mtu ana jembe karibu na tuta namuuliza jina la baba yake. Kijito kina vyura mpaka wanatukera usiku.

Mbuzi nilimtoa. Wifi alimtaka mweupe, nikampa mweusi, akamchukua.

Na mihogo sasa tunavundika nyuma ya nyumba yangu, kwenye mapipa, kwa maji ya mvua tunayokinga kwenye bati. Kiangazi tunayachota kisimani kwa zamu. Wifi akija kutoka Keza anakuja kuyakagua mapipa hayo kama mkaguzi wa serikali. Anatumbukiza kidole, anakitoa, anakipangusa kwenye nguo yangu.

"Maji ya baridi haya," anasema. "Mihogo yako italainika Pasaka."

"Basi tutakula Pasaka," namjibu. "Kaa chini, menya."

Anakaa, anamenya.